Ngazi Isiyofika Popote

Jumapili, 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

...na kama nilivyokuwa nakuambia kabla gari halijapiga honi na Shangazi hajanisukumia ndani pamoja na mabegi yangu: sikuolewa ili niwe mbali nawe, nimeolewa ili nikuongezee mtu wa kukupenda. Basi! Sentensi yenyewe ndiyo hiyo. Niliibeba mdomoni njia nzima kama pipi, sasa nimeitua.

Shikamoo, Baba. Hujambo? Nyonga inaamkaje siku hizi? Shangazi na kelele zake hawajambo? Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kupitiliza, mpaka natamani kuwagawia majirani.

Baba, mume wangu! (Niache nilitumie neno hili mara nyingi, bado jipya, bado linanukia duka.) Mume wangu anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate, na saa moja na nusu anarudi nyusi nyeupe kwa unga kama babu wa miaka tisini. Mkate mmoja wa moto anakuja ameuficha ndani ya koti. Jana nilimkumbatia kabla hajautoa. Ukabonyea. Tukaula umebonyea hivyohivyo, akaapa hajawahi kuoka mkate mtamu kama ule. Mwongo mkubwa, nampenda. Saa mbili na nusu mimi naondoka kwenda karakana yetu ya masweta ya shule, kwa hiyo tuna saa moja tu kila asubuhi, na saa hiyo, Baba, siibadilishi na chochote.

Nyumba yetu ni vyumba viwili, ghorofa ya nne. Jua linaingia dirisha la jikoni mpaka ndani ya sufuria. Ina kasoro moja: mlango wa chumba cha pili unakwaruza sakafu, ukiufungua unalia kama mbuzi. Mume wangu alitaka kuukata kwa kisu cha mkate. Nikamwambia, weka kisu chini, mlango huo una mwenyewe, baba yangu fundi anakuja na randa yake.

Picha za harusi zimetoka. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya chini ya ngazi ya ukumbi: wewe umekaa kwenye kiti na kipande cha keki, mimi nimekaa kwenye kipandio cha kwanza na gauni langu lote liko vumbini. Wageni wanauliza, mbona bibi harusi amekaa chini na shughuli iko juu? Nawajibu kwamba baba yangu aliwaambia wale wanaume wanne waliokuja kumwinua na kiti chake, "Mimi sibebwi kama kabati." Wanacheka sana. Mimi huwa nacheka nao, halafu nageuza picha upande wa pili.

Hukuiona harusi yangu, Baba, uliisikia tu kupitia dari. Nyumba yangu nataka uione. Utakuja lini?

Binti yako, mke wa mtu,
Kasuku

Alhamisi, 15 Februari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Mimi sijambo, Shangazi yako hajambo, kelele zake ndizo nzima zaidi. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la unga, nayo imejaa unga. Shangazi yako aliipuliza kabla hajanipa, akapiga chafya, akasema hiyo ni salamu ya mkwe.

Nimefurahi kwamba unacheka. Mwambie mkwe wangu mlango haukatwi kwa kisu.

Kuja, sitakuja. Usininunie. Ghorofa ya nne ni ghorofa ya nne. Mimi nimejenga ngazi maisha yangu yote, najua ngazi ni nini kwa mtu mwenye mguu kama huu wangu tangu nilipoanguka kutoka paani nikaumia nyonga. Pale hospitali walinipa karatasi ya mazoezi yenye vikatuni, mazoezi kumi. Siku ya kwanza nilifanya yote mara mbili, kwa hasira. Siku ya pili nikafanya tena huku nauma meno. Siku ya tatu Shangazi yako alinivalisha viatu kama mtoto. Karatasi hiyo nimeikunja na sasa iko chini ya mguu wa meza, inazuia meza isitikisike, na kazi hiyo inaiweza.

Njooni ninyi. Huku kwetu hakuna ngazi.

Halafu usinisukume sana juu ya mambo ya kuanza na kumaliza. Mguu wangu wa kulia una soksi uliyonifumia ukiwa kidato cha kwanza. Wa kushoto bado unangoja ya pili.

Baba yako

Jumatatu, 26 Februari

Baba yangu mpendwa, mchokozi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na Shangazi hapigi chafya.

Habari ya soksi nilimsomea mume wangu kwa sauti, na nimejuta. Amecheka mpaka akakaa chini. Sasa kila nikianza jambo ananiuliza, "Hili ni la miguu yote miwili?"

Lakini alipomaliza kucheka alinishika mkono akanipeleka kwenye rafu ya jikoni, pale anapoweka chupa ya chachu yake. Umewahi kuiona chachu ya mwokaji, Baba? Ni uji tu wa unga na maji, lakini uko hai, unapumua, unapanda na kushuka. Anailisha kijiko kimoja cha unga kila asubuhi. Akaniambia, "Nilipoanza kazi niliisahau siku sita. Siku ya saba nikaipa kilo nzima ili nifidie. Ikafa. Baba yetu aliulisha mguu wake kilo nzima siku ya kwanza." Umesikia? Amesema *baba yetu*. Nilitaka kumkumbatia mpaka abonyee pamoja na chupa.

Kwa hiyo tumekaa kikao, wawili sisi, na maazimio ni haya. Utapanda kipandio kimoja kwa siku. Kimoja! Unapanda, unashuka, unaenda zako kunywa chai. Hata ukijisikia una nguvu za ng'ombe, ni kimoja. Na ufanye baada ya jambo ambalo hulisahau kamwe, ili hilo likukumbushe. Mimi nimechagua birika. Nikiliweka jikoni nachukua sindano na uzi, nafuma mistari miwili ya soksi yako ya kushoto, maji yakichemka naacha. Hata kama mkono unatamani kuendelea, naacha.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha uzi wa sufu. Ni kimo cha kipandio kimoja cha ngazi yetu. Futi yangu iko karakanani, kwa hiyo nimeulaza uzi ubavuni mwa kipandio, kutoka chini hadi juu, taratibu, bila kuuvuta, kama marehemu Mama alivyonifundisha, nikakata palepale. Jumla ni vipandio sitini na nane, kumi na saba kila ghorofa.

Sikuambii ufanye nini na uzi huo. Fundi ni wewe.

Wako wa mistari miwili,
Kasuku

Jumanne, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima.

Uzi wako umefika. Niliunyoosha ukakaza kama kamba ya fundi, nikapima: sentimita ishirini. Jumba hilo alijengewa nani, twiga? Mimi ngazi ya watu naijenga kwa kumi na sita, kumi na saba. Hata hivyo mbao ninazo, misumari ninayo, na siku ni ndefu. Nimetengeneza kipandio kimoja na ubao wa kushikia, nikakiweka uani, kando ya ukuta.

Shangazi yako alitoka, akakizunguka mara mbili. "Kaka, hiki ni nini?"

"Ngazi."

"Inakwenda wapi?"

"Haijaamua."

Akarudi ndani, nikamsikia anamwambia jirani yetu kinyozi kupitia dirishani kwamba kichwa nacho kimefuata nyonga.

Napanda kila asubuhi baada ya kupiga mswaki. Siku ya kwanza nilitaka kupanda mara kumi. Nikakumbuka kilo ya mkwe wangu, nikapanda mara moja, nikashuka, nikaenda kunywa chai, najiona mjinga. Siku ya pili mjinga. Siku ya tano mjinga na mvua juu. Siku ya tisa nilikuwa namfokea Shangazi yako juu ya sabuni yangu aliyoihamisha, na nilipomaliza kufoka nikajikuta nimeshapanda na kushuka. Nikasimama pale nikijiuliza kama nimepanda au bado.

Kesho naongeza kipandio cha pili.

Soksi imefika wapi? Usinipe hadithi, nipe idadi ya mistari.

Baba yako

Jumapili, 24 Machi

Baba! Baba! Baba!

Shikamoo mara tatu. Habari za asubuhi, habari za mguu, habari za sabuni?

Niliisoma barua yako ngazini, sikuweza kungoja nifike juu. Mama mmoja wa ghorofa ya pili aliniona nafuta macho, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, baba yangu amepanda kipandio. Akanipa pole, akaingia ndani. Sijui ameelewa nini.

Nilianza Machi mosi, na mistari ni arobaini na minne. Ingekuwa arobaini na minane, lakini siku mbili nilikosa, na nakiri mbele yako. Tulialikwa na tajiri wa mume wangu wa kule kazini, tukalala huko siku mbili, na huko hawana birika, wana mtungi wa umeme unaochemsha maji kabla hujavuta pumzi. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa kabisa. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Mimi ndivyo nilivyo. Naanza tu." Alikuwa anakanda unga wa chapati zetu za jioni, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Umekosa mbili. Ulizofanya ni ngapi?" Nikahesabu: ishirini na mbili. Akasema, "Basi wewe ni mtu wa ishirini na mbili. Weka birika." Nikaweka, ingawa ilikuwa jioni na hakuna aliyetaka chai.

Na kuna kitu cha ajabu. Karakanani kwetu fundi mkuu anapoinjika birika lake la saa nne, vidole vyangu vinatafuta sindano vyenyewe. Juzi wenzangu waliniona nachezesha vidole hewani kama mtu anayecheza kinanda. Wameniuliza kama ndoa ndiyo inafanya hivi.

Siku moja, Baba, utakaa jikoni kwetu, jua likupige magotini, mlango ulie kama mbuzi, nawe ukunje uso. Nauona uso huo. Kwa ajili ya uso huo nafuma.

Binti yako wa ishirini na mbili,
Kasuku

Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Marahaba tatu. Wote hatujambo.

Vipandio vimekuwa vinne. Mbele ya cha nne hakuna kitu, kuna hewa na ukuta wa kinyozi. Kinyozi amegeuza kiti chake kwenye baraza ili wateja wake wanione. Napanda, wao wanahesabu kwa sauti, "Moja! Mbili!" Juzi alishangilia mtu ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa bado haijanyolewa. Shangazi yako naye amebadilika. Chai yangu siku hizi anaiweka juu kabisa, kwenye kipandio cha nne, kisha anasema, "Ukiitaka, unajua ilipo."

Twiga wenu wananitesa. Sentimita ishirini ni nyingi, mguu unalalamika kila siku. Lakini ndicho kipimo cha nyumba yako, na mimi sidanganyi kipimo.

Mwambie mkwe kwamba chachu yake imefika huku.

Baba yako

Jumamosi, 27 Aprili

Baba yangu wa vipandio vinne,

Shikamoo, na shikamoo kwa Shangazi na chai yake ya juu. Sisi wazima.

Leo nina jambo zito. Limenikaa moyoni tangu uliposema mguu unalalamika kila siku. Nimelala nikiona ishirini, ishirini, mara sitini na nane. Sasa sikiliza. Chini kabisa ya jumba letu kuna vyumba viwili vimeachwa wazi. Havina jua, na mapipa ya taka yako karibu, lakini unaingia moja kwa moja kutoka barabarani bila kupanda hata kipandio kimoja. Nimemwambia mume wangu tuhamie. Alitazama dirisha la jikoni kwa muda, akasema, "Kama ndiyo njia ya baba kufika, tuhame."

Kwa hiyo usijitese tena, Baba. Acha ngazi. Nitakuletea nyumba chini.

Akupendaye,
Kasuku

Jumamosi, 18 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo? Wiki tatu sasa, na lori limepita mara mbili bila barua yako. Mara ya kwanza dereva alisema hakukukuta. Mara ya pili alisema alikukuta uani umekaa, umeipa ngazi mgongo, ukamwambia, "Mwambie nimepata barua yake." Ni hayo tu.

Kuna nini? Unaumwa? Nimekukosea? Kama nimekukosea, nifokee. Umenifokea maisha yangu yote na sijapungua hata kilo.

Vyumba vya chini hatujavichukua bado. Mwenye nyumba anataka jibu.

Binti yako

Jumamosi, 1 Juni

Baba,

Shikamoo.

Dereva ameniambia kinyozi amegeuza tena kiti chake, sasa kinatazama barabara. Ameniambia pia kwamba amekuona na nyundo, unang'oa misumari.

Sitauliza kitu. Ninaendelea na mistari miwili kila asubuhi. Nikiwa huku mbali, hilo ndilo ninaloweza kukufanyia.

Mimi

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Huu mkono ndio mzito kuandika, kwa hiyo vumilia.

Siku mbili kabla barua yako ya vyumba vya chini haijafika, nilianguka. Nilikuwa nimeongeza kipandio cha tano. Mguu haukufika juu, ukagonga ukingo, nikashuka kwa kukaa. Hakuna kilichovunjika ila kikombe. Lakini wateja wa kinyozi walikuwa wanahesabu, wakaishia nne. Halafu mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Mleteeni mzee kiti." Ningeweza kuvumilia kicheko. Kiti sikukiweza.

Siku mbili baadaye ndipo barua yako ikaja: acha ngazi, nitakuletea nyumba chini. Nikaona, na huyu naye ameniletea kiti.

Najua hukuwa na nia hiyo. Nilijua hata siku ile. Lakini hasira haisomi barua mpaka mwisho.

Nikaacha kupanda. Siku moja, siku tatu, wiki nne. Nilipiga mswaki na kukaa. Na kila nilipomaliza kupiga mswaki miguu ilitaka kutoka uani, nikaizuia, kama mtu anayemfungia mbwa wake ndani. Mwisho nikasema, dawa ni kuibomoa ngazi yenyewe. Nikachukua nyundo. Msumari wa kwanza wa kipandio cha tano ukatoka vizuri. Wa pili ulikuwa umekaza, nikaushikia kwa mikono yote miwili, nikauvuta, nautukana, na Shangazi yako akapiga kelele kutoka mlangoni: "Kaka! Umefikaje huko?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya kipandio cha nne. Mikono yote miwili iko kwenye nyundo. Ubao wa kushikia uko kule, sijaugusa. Nilikuwa nimepanda vinne kwa mkupuo kwenda kubomoa ngazi, na kichwa changu hakikuwa na habari.

Nikamwambia Shangazi yako, "Sijui."

Akasema, "Basi subiri hapohapo nikuletee chai."

Nikanywa chai huko juu, nikairudishia ngazi misumari yake. Kinyozi amekirudisha kiti kinitazame. Tangu siku hiyo nimeanza tena, na nimefika vipandio saba. Sasa navipanda na kushuka mara tatu, kesho kutwa mara nne. Sina haraka.

Kasuku, ukihamia kwenye giza la mapipa kwa ajili yangu, sitakuja hata ukijenga nyumba yenyewe ndani ya shimo. Nyumba yenye jua ndiyo niliyoalikwa.

Nisamehe kimya changu.

Baba yako

Jumapili, 16 Juni

Baba yangu, roho yangu, mbomoa ngazi aliyeshindwa kubomoa!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nimelia, nimecheka, nimemwagia chai barua yako (ndiyo maana naijibu haraka kabla maandishi hayajafutika). Na mimi unisamehe. Nilidhani nakupenda kwa kukupunguzia ngazi. Sikufikiri kwamba nakupunguza wewe.

Vyumba vya chini tumevikataa. Mume wangu aliposikia alikwenda dirishani akasimama juani kama paka, akafumba macho. Ndipo nikajua alivyokuwa amemeza kimyakimya.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nina ungamo.

Jana nilimsomea mume wangu tena ile habari ya twiga wenye sentimita ishirini. Akakunja uso. Akasema, "Kila siku nabeba gunia la unga juu ya ngazi ya kawaida ya kule kazini, na vipandio vya hapa sivioni kuwa virefu zaidi." Akachukua futi ya chuma kwa jirani, tukashuka wote wawili, akapima kipandio cha kwanza. Kumi na sita. Cha pili, kumi na sita. Tukapima mpaka ghorofa ya pili. Kumi na sita, Baba! Yule mama wa ghorofa ya pili akafungua mlango akatukuta tumepiga magoti, akaufunga tena.

Ni uzi, Baba. Mimi niliulaza bila kuuvuta, kwa sababu sisi wafumaji sufu hatuivuti, ukiivuta inakudanganya. Wewe ukaukaza kama kamba ya fundi, kwa sababu ninyi msipokaza mnadanganyika. Kila mmoja ametii kazi yake, na katikati zikapatikana sentimita nne za mateso yako. Miezi mitatu unapanda jumba ambalo halipo! Mume wangu amepiga hesabu kwa penseli: ukitumia vipandio vyako, hamsini na tano tu ungekuwa umeshafika mlangoni kwetu.

Sijui nicheke au nipige magoti.

Na kuna habari nyingine. Majirani wamejua unakuja, kwa sababu mdomo wangu unaujua. Kila ghorofa mtu mmoja ameahidi kuweka kiti nje ya mlango wake. Si cha kukubebea! Ni cha mtu kukaa akitaka, akainuka akitaka. Wa ghorofa ya pili ndiye aliyekuwa wa kwanza kuahidi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna soksi ya mguu wa kushoto. Imekwisha. Mimi, nimemaliza kitu! Rangi haikulingana na ile ya kulia, yako imepauka miaka kumi na hii ina siku mbili. Nilipofunga kitanzi cha mwisho maji yalikuwa bado hayajachemka, nikakaa hapo na mikono mitupu sijui niiweke wapi. Kesho yake nikaanza fulana ya Shangazi, mistari miwili.

Mlango bado unalia kama mbuzi. Hakuna aliyeugusa.

Binti yako aliyemaliza,
Kasuku

Alhamisi, 4 Julai

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Sote wazima, na Shangazi yako anasema fulana yake iwe na mikono mirefu.

Nilipofika kwenye neno kumi na sita niliiweka barua juu ya meza, nikatoka nje, nikaitazama ngazi yangu. Kinyozi akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Nimekuwa napanda jumba la watu wengine." Nilipomweleza, wembe ulimtoka mkononi kwa kicheko, na mteja akasema ahsante Mungu ulitoka. Miaka arobaini ya ufundi, nimeangushwa na uzi wa sufu. Usimwambie mtu. Najua utamwambia kila mtu.

Sikuishusha ngazi. Imebaki na ishirini zake. Sasa naipanda na kushuka mara kumi, hiyo ni sabini, na vipandio vyako ni sitini na nane. Vile viwili vinavyozidi namwachia mkwe wangu.

Jana dereva alisimamisha lori hapa nje. Nikamwambia afungue mlango wa mbele. Lile lori lina vipandio vitatu vya kupandia, na kila kimoja ni kirefu kuliko cha twiga wako. Nilipanda, nikakaa kando yake, nikafunga mkanda. Akauliza, "Twende wapi, mzee?" Nikamwambia, leo hatuendi, leo nakaa tu. Nikashuka, nikanywa chai.

Viti vya majirani nimevikubali. Nitakaa kwenye kila kimoja, nikague kilivyoungwa.

Sasa sikiliza masharti yangu. Mkwe wangu asishuke kunipokea. Wewe usishuke. Usisimame juu ukichungulia na kuhesabu, hesabu nimezichoka. Ukiisikia fimbo yangu ya kutembelea ikigonga chini, weka birika jikoni, kaa, ufume mistari yako miwili. Yakichemka kabla sijafika, yaache yachemke. Usifungue mlango mpaka uusikie unagongwa.

Nimeinoa randa. Nimevaa soksi zote mbili tangu jana, moja kuukuu na moja mpya, na Shangazi yako ameshindwa kunivua.

Lori linapita tena hapa wiki ya mwisho ya mwezi. Kabla mwezi huu haujaisha, nitagonga.

Baba yako